ALAMA ZA WALIOTUTANGULIA
Somo la Historia kwa Wanafunzi wa Ngorongoro na Karatu



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika ukurasa wa somo mwaka huu tumechagua mada ambayo wengi wetu huipita kila siku bila kuitazama. Nayo ni alama za makazi ya kale. Sisi tunaoishi Oloipiri, Loliondo, Wasso, Karatu na vijiji vya jirani tunapita kwenye makaburi, mifereji, visima, miti mikubwa na mawe yaliyopangwa na mikono ya watu. Wageni huja kutoka nchi za mbali, wakalipa fedha nyingi ili waone baadhi ya vitu hivyo. Mwanafunzi wa hapa hapa akiulizwa ni nani aliyeviweka, mara nyingi hana jibu.

Qur'ani Tukufu imetuhimiza katika sehemu nyingi tutembee katika ardhi na kuzingatia habari za waliokuwa kabla yetu. Kuzingatia ni zaidi ya kutazama. Anayezingatia huuliza. Basi katika somo hili tutajifunza kuuliza.

1. ALAMA NI NINI?

Alama ya historia ni kitu chochote kilichobaki mahali ambacho kinatujulisha kwamba watu walikuwapo, walifanya jambo fulani, au walipita. Tunaweza kuzigawa alama katika mafungu matatu:

(a) Alama zenye maandishi, kama jiwe la kaburi lenye jina na mwaka, au mnara wa kumbukumbu.
(b) Alama zisizo na maandishi, kama mifereji, kuta, misingi ya nyumba na makaburi ya mawe matupu.
(c) Alama zinazokaa katika ndimi za watu, yaani majina ya mahali, ya mito na ya milima.

Watu wengi hudhani kuwa fungu la kwanza tu ndilo lenye historia. Hili ndilo kosa ambalo tunataka wanafunzi wetu waliepuke. Katika wilaya zetu waliokaa muda mfupi ndio walioacha maandishi, na waliokaa muda mrefu wameacha mawe, maji na majina. Tukisoma maandishi peke yake, tutawajua wapita njia na kuwasahau wenyeji.

2. JIWE LA UTHMAN BIN MADH'UUN

Kabla ya kwenda mbali, tuone jambo hili lilivyokuwa kwa Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba alipofariki sahaba Uthman bin Madh'uun (r.a.) na kuzikwa Madina, Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu alete jiwe. Yule mtu akashindwa kulibeba. Mtume (s.a.w.) akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe na kuliweka upande wa kichwa cha kaburi. Akaeleza kuwa amefanya hivyo apate kulitambua kaburi la ndugu yake, na azike karibu yake watu wa familia yake watakaofariki.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, alama iliwekwa kwa ajili ya kutambulisha, si kwa fahari. Lilikuwa jiwe tu, bila jengo wala mapambo, na tunajua kuwa kuyajengea makaburi kumekatazwa. La pili, alama ile ilikuwa na faida kwa wanaobaki: iliwaonesha jamaa mahali pa kukutana na wao.

Tuongeze na jambo la tarehe. Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.) barua za serikali zilikuwa zikifika bila ya mwaka, ikawa vigumu kujua ipi ya mwanzo na ipi ya mwisho. Baada ya kushauriana, Waislamu walikubaliana kuhesabu miaka kuanzia Hijra ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina, sawa na mwaka 622 Miladia. Zingatia, ewe mwanafunzi: hawakuanza na kuzaliwa kwa mtu wala na ushindi wa vita. Walianza na siku ambazo watu walihama kwao wakaanza makazi mapya. Kwa hiyo kila tunapoandika tarehe ya Kiislamu tunataja habari ya kuhama na kukaa.

3. MNARA WA MAWE UKINGONI MWA KRETA

Sasa turudi kwetu. Msafiri anayetoka Karatu kupanda Ngorongoro, akishaingia katika hifadhi na kufika ukingoni mwa kreta, atauona mnara mdogo wa mawe uliojengwa kwa umbo la piramidi. Hapo amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Siku hiyo ndege yake iligongana na tai, ikaanguka. Baba yake alifariki mwaka 1987, na mabaki yake yakazikwa hapo hapo.

Huo ni mnara wa kweli na habari yake ni ya kweli. Kijana yule alikufa akiwa kazini, na kazi ya wawili hao ilisaidia sana kuijulisha Serengeti ulimwenguni. Lakini mwanafunzi wa historia hasimami hapo. Huuliza: mwaka huo wa 1959 kulitokea nini kingine mahali hapa?

Jibu ni kwamba mwaka huo huo wa 1959 ndipo Hifadhi ya Ngorongoro ilipotenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondoka huko, wengi wakaja kukaa katika eneo la Ngorongoro na Loliondo. Baadaye, mwaka 1974, familia zilizokuwa na maboma ndani ya kreta yenyewe ziliondolewa pia. Hayo ni mambo makubwa yaliyogusa watu wengi, wazee, akina mama na watoto. Lakini ukisimama mbele ya mnara ule hutaona jina hata moja la watu hao. Mnara haukusema uongo. Umesema habari moja na kunyamazia nyingine, kwa sababu kila anayeweka jiwe huandika habari yake.

4. MAWE YASIYO NA MAANDISHI

Tuchukue mifano minne ya alama ambazo hazina hata herufi moja.

(a) Engaruka. Chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa mashariki katika wilaya jirani ya Monduli, yapo magofu ya Engaruka. Hapo watu wa kale walipanga mawe wakatengeneza mashamba yenye kuta ndogo ndogo, na wakachimba mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye mito inayoshuka mlimani. Mashamba hayo yameenea katika eneo la takriban kilometa za mraba 20. Wataalamu wanakadiria kuwa watu waliishi na kulima hapo takriban kuanzia karne ya 15 hadi karne ya 18, na makazi yao yalikuwa kwenye miteremko juu ya mashamba. Mvua za bonde lile hazitoshi kwa kilimo, kwa hiyo bila mfereji kusingekuwa na mtama wala mji. Maelfu ya watu waliishi pale kwa vizazi vingi, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake linajulikana kwa maandishi. Kitabu chao ni ule mpangilio wa mawe.

(b) Mifereji ya Batemi. Engaruka ni magofu, lakini elimu ya namna ile ingali hai. Ndugu zetu Batemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanaishi katika vijiji kama Samunge, Digodigo na Sale, katika wilaya yetu hii ya Ngorongoro. Wao wamelima kwa mifereji tangu zamani, na ugawaji wa maji umekuwa chini ya baraza la wazee wanaoitwa wenamiji. Kila mtu hupata zamu yake kwa utaratibu unaojulikana. Ukiuona mfereji wa zamani umeona zaidi ya mtaro wa maji, kwani umeona sheria ya watu, haki zao na mashauri yao. Jiwe la kumbukumbu hueleza habari za mtu aliyekufa, lakini mfereji huu unawalisha walio hai.

(c) Makaburi ya kreta. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna vilima vidogo vya mawe ambavyo ni makaburi ya wafugaji wa kale sana, waliokuwapo kabla ya Wamaasai na kabla ya Wadatoga. Wataalamu waliovichimba wameyakadiria makaburi hayo kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Baada ya watu hao walikuja wengine, wakiwemo Wadatoga, na katika karne ya 19 Wamaasai wakawa ndio wenye nguvu katika nyanda hizi. Kwa hiyo mahali pamoja pamekaliwa na watu wengi, mmoja baada ya mwingine. Asiseme mtu kwamba nchi ilikuwa tupu.

(d) Nyumba ya walowezi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili wa Kijerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba na ng'ombe ndani ya kreta. Mmoja alikaa karibu na mto Munge na mwingine upande wa Lerai. Vita vilipokwisha Ujerumani ikaipoteza nchi, na wao wakapoteza mashamba. Mabaki ya nyumba yao ya mawe yangalipo. Walikaa miaka michache tu, lakini kwa kuwa walijenga kwa mawe na kuandika barua, habari zao zimo katika vitabu vingi. Mfugaji aliyejenga boma la miti, miiba na samadi alikaa miaka mingi zaidi, na boma lake limerudi kuwa udongo. Hapa tunapata kanuni moja muhimu: alama kudumu si dalili ya mwenyewe kukaa sana.

5. MAJINA NI ALAMA

Alama nyingine hazishikwi kwa mkono. Olduvai, mahali ambapo Mary Leakey alipata fuvu maarufu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, limepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge wa porini unaoota kwa wingi pale. Wageni walisikia vibaya, wakaandika walivyosikia. Lerai ni jina la mgunga wenye gome la njano. Ol Doinyo Lengai maana yake ni Mlima wa Mungu. Serengeti limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda mpana. Na Mto wa Mbu, unaoupita kabla ya kupanda kwenda Karatu, ni Kiswahili kitupu, na yeyote aliyewahi kulala pale bila chandarua anajua sababu ya jina hilo.

Majina ya Kiswahili katika nchi ya ndani yanatukumbusha watu wa misafara. Kabla Mzungu yeyote hajaiona kreta, wafanyabiashara Waislamu kutoka Pangani, Tanga na Mombasa walikuwa wakisafiri katika nchi ya Wamaasai kutafuta pembe. Mmoja wa watu walioijua nchi hiyo vizuri alikuwa Sadi bin Ahedi. Alizieleza njia za misafara, kituo baada ya kituo, kwa mmisionari Thomas Wakefield aliyekuwa pwani ya Kenya, na maelezo yake yakachapishwa London mwaka 1870. Miaka 22 baadaye, mwezi Machi 1892, Oscar Baumann kutoka Austria aliingia ndani ya kreta ya Ngorongoro, na vitabu vinamtaja kuwa Mzungu wa kwanza kufika hapo. Lakini msafara wake ulianzia Tanga, na hakusafiri peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa pwani, na wenyeji wakaonesha njia.

Tunamtaja Sadi bin Ahedi kwa sababu ana somo kwetu. Hakujenga mnara. Aliyajua majina ya vituo na mpangilio wake, akamweleza mtu aliyeandika, na elimu yake ikabaki. Hilo hata mwanafunzi wa darasa la kwanza la madrasa anaweza kuliiga.

6. MASWALI MANNE MBELE YA KILA ALAMA

Mwanafunzi anapoiona alama yoyote na aulize maswali haya:

Kwanza: Ni nani aliyeiweka?
Pili: Iliwekwa lini, na je, tarehe inahusu kitu kizima au sehemu yake tu?
Tatu: Iliwekwa kwa faida ya nani?
Nne: Ni nani aliyekuwapo na hakutajwa?

Swali la pili linahitaji mfano, nasi tutauchukua kutoka pwani, kwa kuwa huku bara maandishi ya kale ni machache. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu ya khati ya Kufi katika mihrabu. Yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mtu mwenye haraka atasema kuwa msikiti wote anaouona una miaka zaidi ya 900. Lakini jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, na maandishi yale ya kale yakahifadhiwa humo. Maandishi ni ya kweli na msikiti ni wa kweli, ila umri wao si mmoja. Ndiyo maana tunasema usome jiwe na ukuta wake pia.

7. KWA NINI TUNALISEMA HILI SASA?

Ndugu wazazi na wanafunzi, somo hili si la kujibia mtihani tu. Kuanzia mwaka 2022 familia nyingi zimehama kutoka eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Mwezi Juni mwaka huo huo, katika tarafa za Loliondo na Sale, viliwekwa vigingi vya kutenga eneo la kilometa za mraba 1,500. Mambo haya yameleta maneno mengi na mashauri mahakamani, na gazeti la madrasa si mahali pa kuyaamua.

Lakini lipo jambo moja ambalo pande zote zinalikubali: familia ikihama, kaburi la babu halihami. Mti waliokaa chini yake kufanya vikao hauhami. Kisima alichochimba mzee hakihami. Anayejua kwamba rundo lile la mawe ni kaburi la fulani akiondoka bila kumwambia mtu, basi siku hiyo kaburi linakuwa mawe tu. Mtoto anayezaliwa Msomera leo atauliza: sisi tulitoka wapi? Naye anayebaki Oloipiri atauliza: hapa walikaa akina nani? Wote wawili wana haki ya kujibiwa, na jibu liko kwa wazee wetu walio hai hivi sasa.

Kigingi ni alama, na kaburi ni alama. Kigingi kina namba na kimeandikwa katika daftari la serikali. Kaburi la bibi yako limeandikwa wapi?

8. KAZI KWA WANAFUNZI

Tunawaomba wanafunzi wote wafanye kazi ifuatayo wakati wa likizo:

(i) Chukua daftari moja ulitenge kwa kazi hii. Andika tarehe ya Hijria na ya Miladia juu ya kila ukurasa.
(ii) Mwendee mzee mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wasalimie kwa adabu, waeleze unachokitafuta, na uwasikilize bila kuwakatiza. Kama mzee anazungumza Kimaasai, Kibatemi au Kiiraqw, andika majina kwa lugha yake kama anavyoyatamka.
(iii) Uliza maana ya jina la kijijini kwenu, la mto na la kilima kilicho karibu. Kwa wanafunzi wa Oloipiri, anzeni na jina la Oloipiri lenyewe.
(iv) Uliza makaburi ya ukoo wenu yako wapi. Chora ramani ndogo ukionesha njia, mti au kilima kilicho karibu.
(v) Kila habari andika jina la aliyekusimulia, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. Wanavyuoni wetu wa hadithi walihifadhi elimu kwa njia hii ya isnadi, na katika historia inafaa vile vile.
(vi) Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili. Usichague unalolipenda.

Tahadhari: msichimbe, msihamishe mawe, wala msichukue kitu nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Aidha, makaburi yana heshima yake, yawe ya Muislamu au ya asiyekuwa Muislamu. Tunayazuru kwa mazingatio na kukumbuka Akhera, si kwa kuyaomba wala kuyachezea.

HITIMISHO

Tumeona kuwa alama ni nyingi kuliko minara. Tumeona kuwa jiwe lenye maandishi husema habari ya aliyeliweka, na kuwa mfereji, jina na kaburi lisiloandikwa nazo ni shahidi, ila zinahitaji mtu wa kuzisemea. Mtume wetu (s.a.w.) alibeba jiwe kwa mikono yake ili kaburi la ndugu yake litambulike. Sisi hatukuombwa kubeba jiwe. Tumeombwa kubeba kalamu, tena kabla wazee hawajaondoka.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, awahifadhi wazee wetu, na aijaalie elimu hii iwe na manufaa. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mafungu matatu ya alama za historia, na kila fungu utoe mfano mmoja kutoka Ngorongoro au Karatu.
2. Kwa nini Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'uun (r.a.)?
3. Mnara wa ukingoni mwa kreta unataja habari gani ya mwaka 1959, na ni habari gani ya mwaka huo usiyoitaja?
4. Kwa nini watu wa Engaruka walihitaji mifereji?
5. Msikiti wa Kizimkazi unatufundisha nini kuhusu tarehe zilizoandikwa kwenye mawe?
6. Jadili na wazazi wako: ni alama gani moja ya ukoo wenu ambayo ikipotea hakuna atakayeweza kuieleza tena?

Wabillahi tawfiiq.